Khabari za Nishani ya Polisi Iliyoletwa Mbele ya Chama



Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka mmezoea kusoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, majina ya waliofiwa wakasaidiwa, na idadi ya watoto waliolipiwa karo. Hayo yote yamo katika kurasa zake. Lakini mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze khabari ya jambo moja lililochukua mikutano mitatu, na kutia ubaridi kati ya nyumba ambazo zimezikana na kuozana kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni nishani moja ya fedha, ambayo upana wake hauzidi sana ule wa kifuniko cha chupa ya soda.

Nishani hiyo ililetwa na bibi mmoja wa hapa Kiwanjani, binti wa askari wa polisi wa zamani. Aliitoa katika kopo la tumbaku, pamoja na kipande chembamba cha bati kilichovikwa vitambaa viwili vya rangi. Alisema maneno machache. Alisema kwamba baba yake alifariki bila kueleza alivyoipata. Kwamba mjukuu mmoja amekwisha kupata mnunuzi huko Nairobi. Na kwamba yeye mwenyewe hakatai kuuza wala hakubali, ila hataki kuuza kitu asichokijua. Akaomba Chama kimtafutie khabari zake, na ikiwa khabari ni njema, jina la baba yake liandikwe katika ubao wa wazee ulio ukutani mwa ukumbi wetu.

Ombi hilo lilipotangazwa, maneno matatu yakazuka kwa siku moja. Nyumba nyingine ya mjini, ambayo babu yao alikuwa na majina yale yale mawili, ikadai kwamba nishani ni yao nayo ilipotea zamani. Wengine wakasema kuwa ni nishani ya ushujaa, iliyopatikana katika vita vya Moyale. Tena mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye baba yake alitiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, akasimama akasema kwamba tangu utoto wake amesikia kuwa nishani ile ni ujira wa watu waliouawa msituni. Na siku jina hilo litakapoandikwa ukutani, yeye ataomba jina la baba yake lifutwe. Akaketi, wala hakuna aliyemjibu.

Basi sisi makarani tukapewa kazi ya kutafuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Heshima ya mtu nayo ni mali, na katika shauri hili tuliona heshima za nyumba tatu zikining'inia pamoja juu ya kipande kimoja cha fedha. Jina la marehemu hatuliandiki katika kurasa hizi, kwa kuwa jamaa zake wametuomba hivyo. Limo katika daftari la Chama, na kila mwanachama ana ruhusa ya kulisoma ofisini.

Kwanza yafaa tueleze nishani zenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kila nishani ni ya ushujaa. Serikali ya Kiingereza iliwawekea askari wa polisi wa makoloni yake nishani za namna mbalimbali, kila moja kwa sababu yake. Mwaka 1915 ilianzishwa nishani ya polisi wa Kiafrika kwa utumishi uliotukuka, ambayo hawakupewa Wazungu. Mwaka 1934 ikaanzishwa nishani ya utumishi wa muda mrefu na tabia njema kwa polisi wa makoloni yote. Mwaka 1938 ikaja Nishani ya Polisi wa Makoloni, iliyokuwa na mafungu mawili: fungu la ushujaa na fungu la utumishi uliotukuka, nayo ndiyo iliyochukua mahali pa ile ya 1915. Mbali na hizo zilikuwako nishani za vita, zilizotolewa kwa askari wa jeshi na wa polisi waliokuwapo mahali pa mapigano kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo, anayeonyeshwa nishani haimpasi kuuliza kwanza, "Ni ya nani?" Yampasa aulize, "Ni ya nini?"

Swali hilo la pili lilijibiwa upesi na mgongo wa nishani. Wazee wetu walikuwa wakibishana juu ya picha iliyopigwa pale: mmoja aliona mkuki, mwingine aliona mtutu wa bunduki. Tulipoisugua taratibu kwa kitambaa, tukaona kwamba ni rungu la polisi limesimama katikati ya shada la majani, na maneno ya Kiingereza yamelizunguka yakisema: Majeshi ya Polisi ya Makoloni, kwa utumishi mrefu na tabia njema. Basi neno la vita vya Moyale likaanguka hapo hapo. Nishani hiyo haikutolewa kwa tendo la siku moja. Ilitolewa kwa askari aliyetimiza miaka 18 kazini bila doa kubwa katika kitabu chake. Aliyefikisha miaka 25 aliongezewa kipande cha fedha juu ya utepe, na aliyefikisha 30 akaongezewa cha pili. Utepe huu hauna kipande hata kimoja. Kwa hiyo tulijua mambo mawili: kwamba mtu wetu alitimiza miaka 18, na kwamba hakufikisha 25.

Uso wa nishani nao ulikuwa na neno la kutuambia. Sura iliyopo ni ya Mfalme George wa Sita, aliyetawala tangu Desemba 1936 hata alipofariki tarehe 6 Februari 1952. Lakini nishani za mfalme huyu ni za mapigo mawili. Zile za kwanza zina maandishi ya Kilatini yanayomtaja kuwa Mfalme na Kaisari wa Uhindi. Uhindi ilipopata uhuru wake mwezi wa Agosti 1947, jina hilo la Kaisari likaachwa mwaka uliofuata, na nishani zilizopigwa baadaye hazinalo. Mwalimu mmoja mstaafu alitusomea Kilatini cha nishani yetu herufi kwa herufi: Uhindi haimo. Tukafanya hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Ikiwa nishani ilipigwa kati ya mwaka 1949 hivi na 1952, nayo yataka miaka 18 ya kazi, basi mwenyewe aliingia katika polisi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hata hivyo yapasa tukiri kwamba sura ya mfalme haitoshi kuwa shahidi peke yake, kwa kuwa nishani zilizokwisha kupigwa zaweza kukaa sandukuni na kugawiwa baadaye. Hesabu yetu ilitaka shahidi wa pili.

Ukingo wa nishani ndio mahali panapoandikwa namba, cheo na jina. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa macho yao hukimbilia jina. Ndugu, majina katika upande huu wa nchi si ya kutegemewa kwa kazi hii. Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru hawaitani kwa mpango mmoja. Huyu hufuata jina lake kwa la baba na la babu, yule ana jina la ukoo, na mwingine ana jina la nyumbani na la msikitini au la kanisani. Karani wa polisi aliyeandikisha kuruta aliandika alivyosikia, kwa herufi za Kiingereza, na aghalabu alikata jina la tatu kwa sababu nafasi haikutosha. Ndivyo ilivyotokea kwamba watu wawili wa mji mmoja, wasio jamaa, wamebaki katika karatasi na jina moja. Namba ndiyo isiyofanana. Askari aliweza kubadilishiwa jina na karani watatu tofauti, lakini namba yake ilimfuata.

Basi tukaziomba nyumba zote mbili zilete karatasi zozote walizo nazo. Nyumba ile nyingine ilileta karatasi za babu yao, nazo ni za jeshi la K.A.R., si za polisi. Alikuwa mwanajeshi, na wanajeshi walikuwa na nishani zao. Rungu la polisi halikuwa lao. Mkubwa wa nyumba hiyo alizisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akampa mkono yule bibi mbele yetu sote. Kisha akatuomba tumwandike katika orodha ya watakaotafutiwa, maana sasa yeye ndiye asiyejua nishani ya babu yake ilikwenda wapi. Tumemwandika.

Kwa upande wa yule bibi, karatasi ilipatikana Garba Tulla, kwa mtoto wa ndugu yake marehemu. Ni cheti cha kuachishwa kazi ya polisi, kimekunjwa mara nne hata mikunjo imetoboka. Jina la pili limeandikwa kwa herufi tofauti na zile za nishani, lakini namba ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Mwaka wa kuingia ni wa mwanzo wa miaka ya 1930, kama hesabu yetu ilivyosema, na alitoka mwaka 1955. Mbele ya neno "tabia" kumeandikwa kwa wino, "njema sana."

Jinsi cheti hicho kilivyopona ni khabari ya peke yake. Wazee wa Waso hawahitaji kuelezwa juu ya wakati wa Daba. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa kaskazini mwezi wa Desemba 1963, na katika miaka ya vita vya Shifta iliyofuata, watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi huko Garba Tulla, Merti na Modogashe, mifugo ikafa, na nyumba nyingi zikapoteza kila kilichoandikwa. Mama wa nyumba ile alikifunga cheti ndani ya nguo yake, akawa akikitoa kila aliposimamishwa na askari, ili waone kwamba nyumba yake ilipata kuitumikia Serikali. Hakujua kusoma. Alijua tu kwamba karatasi ile huwafanya wenye bunduki waseme polepole.

Tukiisha kumjua mtu, ilitupasa kuuliza alifanya kazi gani katika miaka hiyo 18, na kwa sheria za nani. Vijana wetu yafaa wajue kwamba Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwamba mji wenyewe ulianza kukua kwa jasho la askari: baada ya Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, Wasomali wa Isaak na Herti waliotumika jeshini walikaa hapa na mifugo yao. Kaskazini yote ilikuwa nchi iliyofungwa. Kwa sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za pembezoni, mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa ya maandishi. Kwa sheria nyingine ya mwaka 1934, Serikali ilipata nguvu ya kuwafunga watu wa kabila fulani katika malisho yao, na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache.

Sheria hizo hazikutembea zenyewe. Zilitembezwa na askari: wale wa kabila waliokuwa chini ya Bwana D.C., ambao kwetu waliitwa Dubas kwa sababu ya vilemba vyao vyekundu, na wale wa polisi ya Kenya waliokuwa chini ya wakubwa wao wenyewe. Yafaa kuwatenga hawa wawili, kwa kuwa mara nyingi wajukuu husema "babu alikuwa polisi" ilhali babu alikuwa Duba, na karatasi zake zilikuwa za boma la D.C., wala hazikuwa za polisi. Wale wa kabila walikuja kuitwa Polisi wa Utawala kwa sheria ya mwaka 1958.

Mtu wetu, basi, alikuwa kazini katika siku ambazo mji huu uliona mengi. Mwaka 1937 wakimbizi wa Uhabeshi, waliovuka mpaka wakiwakimbia Waitalia, waliwekwa kambini hapa Isiolo kabla ya kupelekwa Taveta. Mwezi wa Julai 1940 Waitalia waliizingira ngome ya Moyale hata Waingereza wakaiacha, wasirudi ila Februari 1941, na barabara ya Isiolo ikajaa magari ya jeshi. Binti yake akumbuka kwamba baba alisimulia vumbi la magari hayo kuliko jambo jingine lolote. Lakini kazi ya kila siku ya askari haikuwa vita. Ilikuwa kuuliza vibali njiani, na kurudisha nyuma ng'ombe waliovuka mpaka wa malisho kutafuta maji. Wako wazee kati yetu ambao baba zao walirudishwa hivyo. "Tabia njema" iliyoandikwa katika cheti ni tabia njema machoni pa mkubwa wake. Sisi hatusemi kwamba mtu huyo alikuwa mbaya. Twasema kwamba maneno hayo mawili yana mwandishi wake, na mwandishi huyo hakuwa mfugaji aliyerudishwa na ng'ombe wenye kiu.

Sasa twafika penye neno la mzee wetu wa Halmashauri. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Nishani ina sura ya mfalme aliyefariki miezi minane kabla yake, nayo ni ya utumishi mrefu. Wala miaka 18 ya mtu huyu ilitimia kabla ya Hali ya Hatari. Kwa hiyo nishani ile si ujira wa damu ya msituni. Tulipolisoma jambo hili katika mkutano wa pili, jamaa za marehemu walifurahi, na wengine wakataka shauri lifungwe siku hiyo hiyo na rangi ya kuandikia jina iletwe.

Lakini kopo la tumbaku lilikuwa na kitu cha pili. Kile kipande cha bati ni kile ambacho askari hukibandika juu ya mfuko wa shati siku za kawaida, badala ya kuvaa nishani zenyewe. Kila kitambaa chake ni nishani moja. Kitambaa kimoja chafanana na utepe wa nishani tuliyo nayo. Kingine ni cha manjano, kina kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Kitambaa hicho ni cha nishani ya vita vya Afrika, iliyowekwa mwaka 1902, ambayo ilitolewa kwa mara ya mwisho pamoja na kipande chenye jina "Kenya" kwa waliotumika katika eneo la mapigano dhidi ya Mau Mau siku 91 au zaidi, kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956. Nishani yenyewe haimo katika kopo. Kitambaa kimo, nacho kimefifia mahali pa jua kama kitu kilichovaliwa.

Tulikaa na jambo hili siku nyingi kabla ya mkutano wa tatu. Tungeweza kunyamaza. Hakuna katika wanachama aliyejua maana ya kile kitambaa, na nyumba zilikuwa zimekwisha kupatana. Lakini kazi tuliyopewa ilikuwa kutafuta, haikuwa kupatanisha. Na karani afichaye ukurasa mmoja wa daftari ameharibu daftari zima. Tukamwendea kwanza yule bibi nyumbani kwake, tukamweleza peke yake. Alikishika kile kipande cha bati muda mrefu. Kisha akasema, "Alipokuwa akirudi kutoka Nyeri alikuwa haongei. Mama alituambia tusimwulize. Kumbe nilikuwa nalijua, ila sikuwa na jina lake." Akatupa ruhusa tuyasome yote.

Katika mkutano wa tatu tuliyasoma. Tulieleza kwamba kitambaa chathibitisha kwamba marehemu alipelekwa penye vita, wala hakisemi alichofanya kwa mkono wake. Tulieleza pia kwamba vita vile havikuwa mbali nasi: Meru yenyewe siku hizo ilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, na jamii nyingi za hapa zina watu wa pande zote mbili. Tukakumbusha kwamba Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichokatazwa na sheria hata mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Na kwamba tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, jumla ya pauni milioni 19.9. Ikiwa wakubwa walichukua miaka mingi kiasi hicho kuyasema, si ajabu askari mmoja wa Kiwanjani alikufa bila kuyasema.

Mzee wetu aliyepinga alisimama tena. Hatuna maneno yake yote, lakini haya tuliyaandika alipokuwa akiyasema: "Baba yangu alirudi kutoka kizuizini akakaa jirani na maaskari, akanywa nao chai. Hakuwachukia kwa kuvaa kofia. Alichokichukia ni yule aliyesema, sikuwako. Huyu sasa amesemewa kwamba alikuwako. Andikeni yote mawili, nami nitaketi." Akaketi. Halmashauri ikapiga kura kwa mikono, na hapakuwa na aliyepinga.

Basi jina limeandikwa katika ubao. Chini yake pameandikwa: Askari wa Polisi ya Kenya, zaidi ya miaka 20. Hatukuandika "shujaa," kwa sababu nishani yake haisemi hivyo. Wala hatukuandika neno la kumtweza. Khabari kamili, pamoja na ile ya kitambaa cha manjano, imo katika daftari, na nakala ya cheti imeambatishwa. Nishani imerudi kwa bibi, wala haitauzwa. Mjukuu aliyekuwa amepata mnunuzi ndiye aliyetunakilia khabari hii kwa mkono wake, tena kwa hati safi kuliko yetu.

Kwa faida ya wanachama wengine wenye nishani majumbani, twatoa mashauri machache tuliyojifunza. Msiisugue nishani kwa mchanga wala majivu, maana mtafuta ukingo, na ukingo ndio wenye namba. Msiitenge na utepe wake, wala msitupe vitambaa au vibandiko vilivyo pamoja nayo. Nakilini namba kabla ya jina. Tafuteni cheti cha kuachishwa kazi hata kwa ndugu wa mbali. Kisha fuateni maandishi ya Serikali: tuzo kubwa za polisi zilitangazwa katika gazeti rasmi la London wakati wa Mwaka Mpya na sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme, na Gazeti Rasmi la Kenya la miaka ya ukoloni lasomeka leo hata katika intaneti. Nyaraka za maboma ya zamani zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965, nayo iko wazi kwa raia. Na mjue kwamba si kila faili ilibaki nchini: wakoloni walipoondoka walichukua nyingine kwao, na ni mwaka 2011 tu, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, ndipo ilipokubaliwa kwamba zilikuwa zimefichwa huko Uingereza. Tangu mwaka 2012 zimefunguliwa hatua kwa hatua katika hifadhi ya Kew, jijini London.

Lakini faili zilizo bora hazimo London wala Nairobi. Zimo katika vifua vya wazee wetu, nazo hazina nakala. Yule bibi alikuwa na khabari ya Nyeri kwa miaka zaidi ya 60, na hakuna aliyepata kumwuliza. Kwa hiyo Halmashauri imekubali kwamba kuanzia mwaka huu daftari la Chama liwe na sehemu ya pili, baada ya ile ya michango, kwa ajili ya khabari za wazee: waliotumika polisi, jeshini, na katika Dubas, na hali kadhalika waliofungwa, waliorudishwa njiani, na waliokaa katika vijiji vya Daba. Wote wataandikwa katika daftari moja, kwa mwandiko mmoja, na kila khabari itasomewa mwenyewe kabla ya kutiwa sahihi.

Ofisi iko wazi kila Jumamosi asubuhi. Atakayekuja na nishani aje nayo ilivyo, bila kuisafisha. Na asiye na nishani aje na kumbukumbu zake, kalamu tunayo.